Spinabaiti zangu hazimalizi miezi mitatu: je, niliuziwa feki?

"Shikamoo, fundi. Naishi Nakuru, na tangu mwaka jana nimekuwa nikienda Naivasha Jumamosi kuvua besi. Nilinunua spinabaiti nne, vile vyambo vyenye kibamba cha chuma kinachozunguka, shilingi 900 kila moja. Ya kwanza waya ulikatika pale pa kufungia uzi, na wala hakukuwa na samaki, nilikuwa navuta tu. Ya pili iliharibiwa na mbuta kule Kisumu nilipomtembelea shemeji. Ya tatu sketi yake imeyeyuka ikagandana na minyoo ya plastiki ndani ya sanduku. Ya nne bado ipo, lakini siku hizi haishiki kitu. Si kwamba sizitunzi, maana kila nikirudi nyumbani nazinyoosha vizuri na plaizi. Rafiki yangu anasema niliuziwa feki na ninunue zenye waya mnene. Mke wangu anasema ninunue samaki sokoni. Hivi chambo cha namna hii kinapaswa kudumu muda gani?"

Marahaba, kijana wangu. La mkeo nitaliacha kwanza, kwa kuwa tukienda kwa hesabu ya shilingi peke yake, ameshinda kesi kabla haijasikizwa. Tushughulike na la rafiki yako.

Wewe unadhani una tatizo moja lililojirudia mara nne. Mimi naona vyambo vinne vilivyokufa vifo vinne tofauti, na hakuna hata kifo kimoja kinachothibitisha kwamba uliuziwa feki. Feki zipo, sikatai, nimezishika. Lakini feki hujulikana mapema: ndoana inanyooka ukiivuta kwa mkono, rangi ya kichwa inabanduka siku ya kwanza, kibamba kinakwama badala ya kuzunguka. Zako zilifanya kazi. Na hilo ulilolileta kama ushahidi wa utunzaji, kwamba kila ukirudi unanyoosha na plaizi, ndilo lililoua ya kwanza.

Usione vibaya. Karibu kila anayeniletea spinabaiti iliyokatika huwa na plaizi mfukoni.

Nieleze kidogo kwa faida ya msomaji ambaye hajawahi kuishika. Chukua pini kubwa ya nepi, ifungue ikae wazi. Mkono wa chini una kichwa cha madini ya risasi kilichomiminwa juu ya shina la ndoana, na ndoana hiyo imefunikwa na sketi ya nyuzi nyembamba za silikoni. Mkono wa juu umebeba kibamba kimoja au viwili vya chuma vinavyozunguka. Pale pini inapojikunja, kwenye kona, ndipo unapofunga uzi. Ukivuta, vibamba vinazunguka, waya unatetemeka, na sketi inafunguka na kufumba kama inapumua. Besi anauona mmeto, na hata maji yakiwa machafu anauhisi ule mtetemo kwa mstari wa hisia unaopita ubavuni mwake. Hafikirii sana. Anapiga.

Sasa itazame hiyo kona. Kila kinachotokea kwenye chambo hiki hupitia hapo. Samaki akiuma, mikono miwili inabanana. Akiachia, inafunguka. Ukigonga kisiki, hivyo hivyo. Hata usipopata kitu, ule mtetemo unaomwita samaki ni waya kujikunja kidogo na kurudi, kujikunja na kurudi. Hebu tupige hesabu ya kukisia: kibamba kizunguke mara 5 kwa sekunde, kila mvuto uchukue sekunde 20, na asubuhi moja urushe mara 200. Hiyo ni mitikisiko 20,000 kabla ya chai ya saa nne. Waya unaweza kustahimili mitikisiko midogo mingi mno, kwa sababu unajikunja na kurudi wenyewe. Usichoweza kustahimili ni kukunjwa hadi usirudi, kisha kurudishwa kwa nguvu.

Hili unaweza kulijaribu leo jioni bila kwenda ziwani. Chukua waya wa henga ya nguo, ukunje, unyooshe, ukunje tena mahali pale pale. Mara ya pili utasikia umekuwa mgumu kuliko mara ya kwanza. Watu hufurahi hapo, wanasema umekaza. Kweli umekaza, lakini chuma kilichokazwa kwa kukunjwa kimepoteza unyumbufu wake, na ndani yake kuna nyufa ndogo ambazo macho hayazioni. Endelea kidogo tu utakatika mkononi, bila kelele. Mafundi wa chuma huuita uchovu, na ni jina zuri, kwa sababu kama uchovu wa mtu, kulala hakuuondoi wote. Waya hauponi ukiuweka sandukuni wiki nzima.

Plaizi inaongeza ubaya wa pili. Meno yake huacha alama kwenye waya. Kila alama ni mkwaruzo, na ufa hupenda kuanzia kwenye mkwaruzo. Kwa hiyo ulikuwa unakunja mahali pale pale kila Jumamosi, na wakati huo huo unauonyesha ufa mahali pa kuanzia. Ndiyo maana ulikatika bila samaki. Samaki wa kumlaumu alikuwa amekwisha kuliwa miezi miwili nyuma.

Je, usinyooshe kabisa? La. Spinabaiti iliyopinda inaogelea kiubavu, na besi wa Naivasha waliokwisha kuona chambo nyingi hawaikaribii. Nyoosha, lakini tu ikiwa inahitaji, na kwa vidole. Ishike usawa wa macho, uitazame kutoka mbele kama anavyoitazama samaki. Mkono wa juu unapaswa kukaa juu ya ndoana mstari mmoja, usielemee kushoto wala kulia. Ukiona umeelemea, weka kidole gumba kwenye sehemu ndefu ya waya, mbali na kona, usukume polepole. Unataka upinde upana wa vidole viwili, si mkunjo wa mahali pamoja. Halafu iteremshe kando ya mtumbwi uivute hatua mbili tatu. Ikisimama wima, imetosha, iache. Ikilala ubavu hata ukivuta taratibu, rekebisha kidogo tena. Ikilala pale tu unapovuta kwa kasi, tatizo ni haraka yako.

Kuna kipimo kingine watu husahau, yaani upana wa mdomo wa hiyo pini. Mikono ikibanana sana, mkono wa juu unaikinga ndoana na mdomo wa samaki, nawe utamhisi akigonga bila kunasa. Ikifunguka sana, mtetemo unakufa, na ule mkono wa juu uliokuwa unaipisha ndoana kwenye matawi hauwezi tena, kwa hiyo unaanza kunasa miti.

Na miti Naivasha ipo. Tangu maji yapande miaka ile ya 2019 na 2020, migunga mingi iliyokuwa nchi kavu ilibaki imesimama ndani ya ziwa, imekauka, mieupe, na chini yake kuna nguzo za ua na seng'enge za watu. Besi anapapenda mahali kama hapo, ana kivuli na ana pa kuvizia. Sisi pia tunapapenda, kwa hiyo ndipo vyambo vyetu vingi vinapobaki. Nikikwambia ukweli, spinabaiti nyingi hazifi kwa uzee. Hupotea.

Kwa hilo nina ushauri wa bure. Nenda kwa fundi wa bodaboda umwombe plagi iliyokwisha. Ifunge kitanzi kidogo cha waya, na unaponasa kisiki, kitie kitanzi kwenye uzi, kaza uzi wima juu ya mahali uliponasa, kisha iachie plagi iteremke. Ikigonga kichwa cha risasi mara mbili tatu, ndoana hutoka ilikoingilia. Si kila mara. Lakini plagi imeniokolea vyambo vingi kuliko nguvu za mikono, na nguvu za mikono ndizo zinazofungua ile pini ikawa mstari mnyoofu. Usivute na fimbo ya kuvulia. Fimbo hukatika, na yenyewe si shilingi 900.

Turudi kwa rafiki yako na waya mnene. Hakukosea kabisa, ila amekwambia nusu. Waya wa kawaida wa stenlesi kwenye vyambo hivi huwa karibu milimita 0.9. Ule mnene hufika milimita 1 na kidogo. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ugumu wa waya hupanda haraka sana unene ukiongezeka kidogo. Waya mnene haupindi ovyo, ni kweli, na kwenye visiki ninautumia mwenyewe. Lakini pia hautetemeki sawasawa, na mtetemo ndio ulioununua. Siku ya maji tulivu na samaki mvivu, mwenye waya mwembamba atakula ugali na samaki, wewe utakula na sukuma. Kuna pia waya wa aloi ya titaniamu, ambao hujirudi wenyewe hata ukiukunja sana. Unadumu mno, bei yake ni ya juu sana, na una kasoro moja ambayo wauzaji hawaisemi: kwa sababu unajirudi, ukitoka kiwandani umepinda, umepinda. Huwezi kuurekebisha kwa kidole. Kama pesa zako ni za kuhesabu, chukua mbili za waya mwembamba kwa maji wazi na moja nene kwa visiki.

Ya pili, ile ya Kisumu, haihitaji maelezo marefu. Mbuta si besi. Ni samaki anayeweza kupita kilo 100, na hata yule mdogo wa kilo 5 ana mdomo mpana na kichwa kigumu cha kutikisa. Anaifungua ile pini kama wewe unavyofungua kibanio cha nguo. Chambo hiki kilitengenezwa kwa samaki ambaye kilo 2 ni fahari na kilo 3 ni picha ya ukutani. Ukienda tena kwa shemeji, beba kijiko cha kuvulia, yaani chambo cha bamba la chuma, kizito na chenye ndoana imara, au chambo cha mfano wa samaki kinachopiga mbizi, na spinabaiti iache nyumbani. Hiyo haikuwa feki, ilipelekwa vita visivyo vyake.

Ya tatu inaniuma zaidi, maana mimi mwenyewe niliwahi kuua kumi kwa siku moja. Niliacha sanduku ndani ya gari, juu ya dashibodi, jua la Januari la Nakuru, madirisha yamefungwa. Ndani mlikuwa na spinabaiti kumi, na pembeni pakiti ya minyoo laini ya plastiki iliyofunguka. Niliporudi saa tisa nilikuta kitu kama uji wa wimbi wenye ndoana. Ile minyoo ni plastiki iliyolainishwa kwa mafuta maalumu, na mafuta hayo hayatulii. Hutoka polepole yakaingia kwenye chochote kinachogusana nayo: rangi ya kichwa, nyuzi za sketi, hata sanduku lenyewe. Joto huharakisha tu. Kwa hiyo kanuni ni rahisi. Minyoo ikae kwenye mfuko wake, sketi zikae pekee, na sanduku likae kivulini. Sketi za raba asili, zile za zamani, ni dhaifu zaidi. Jua peke yake linazifanya zinate kama ulimbo.

Na jambo moja ambalo hata wazoefu wengi hawalijui: ile dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu. Nyingi zina kemikali iitwayo DEET, na DEET hula plastiki na rangi. Unajipaka alfajiri pale ufukweni kwa sababu mbu wa kwenye mafunjo hawana adabu, halafu kwa vidole vile vile unafungua sanduku. Baada ya wiki unashangaa kichwa cha chambo kinanata na rangi inakuja na kidole. Jipake kwa mgongo wa mkono, au nawa viganja kwanza.

Hata hivyo sketi iliyoharibika si msiba. Ndiyo sehemu ya bei rahisi kuliko zote. Ikate, safisha shingo ya risasi kwa kitambaa chenye sabuni, uweke nyingine. Sketi za dukani hushikwa na kipete cha silikoni, na kipete hicho huchoka kabla ya nyuzi zenyewe, sketi ikateleza ikashuka hadi kwenye mkunjo wa ndoana. Mimi huzifunga kwa waya mwembamba wa shaba, ule unaotolewa kwenye mota iliyoungua. Watu wa kusuka upya mota Jua Kali wanao, watakupa mita kadhaa kwa bei ya chai. Zungusha mara tano, kaza, sokota, kata, lala usingizi. Sketi yangu iliyofungwa hivyo na kukaa kivulini hunipa mwaka, mara nyingine miwili.

Sasa hiyo ya nne, iliyo hai lakini haishiki. Hapa ndipo ningetaka ufanye kazi kidogo, kwa sababu nadhani haijafa.

Ishike kwa uzi ikining'inia mbele ya mdomo wako, upulize kibamba kama unavyopoza chai. Kikizunguka kwa pumzi yako, swiveli ni nzima. Kikiyumba tu na kugoma, umepata mgonjwa. Swiveli ni kile kiungo kidogo kinachoshika kibamba na kukiacha kizunguke. Zile nzuri zina gololi ndani, zile rahisi ni ncha mbili tu zinazosuguana ndani ya pipa dogo. Mchanga ukiingia, au chumvi na kutu, zinakwama. Iloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni usiku mmoja, itikise, ikaushe, uweke tone moja la mafuta ya cherehani. Kama bado inagoma, ibadilishe. Zinauzwa peke yake, na kuitoa ni kufungua kijitanzi cha mwisho cha waya kwa uangalifu. Hapo tu ndipo nakuruhusu plaizi. Ukiwa hapo, kitazame kijitanzi chenyewe. Swiveli hukisugua kwa ndani hadi kikaliwa. Kama unene umebaki nusu, kibamba chako kitaenda zake Jumamosi yoyote ile.

Kisha ndoana. Ivute ncha taratibu juu ya ukucha wa kidole gumba bila kukandamiza. Ncha kali hukwama na kuacha mstari. Ncha butu huteleza. Besi ana mdomo mkubwa lakini ufizi wa nje ni mgumu, na spinabaiti ina ndoana moja tu, nene, haina msaidizi. Inoe kwa tupa ndogo laini, mapigo matatu kuelekea nchani kila upande, inatosha. Usiinoe kama kisu cha buchari, utaimaliza.

Hapo kuna tofauti kubwa kati ya chambo hiki na vingine. Kijiko cha kuvulia ukibadilisha ndoana, umekipa maisha mapya. Spinabaiti ndoana yake imemiminiwa ndani ya risasi. Kutu ikiingia kwenye mkunjo, au ndoana ikafunguka, mwili umekwisha. Vibamba, swiveli, shanga na sketi vinaweza kuhamia kwingine, lakini mwili umekwisha. Kwa hiyo jambo la kukausha si la urembo. Maji ya Naivasha ni baridi, hayana chumvi ya kuogofya, lakini sketi hushika maji kama chujio la chai linavyoshika majani, na ndoana inakaa ndani ya unyevu huo wiki nzima ukifunga sanduku. Ukifika nyumbani, zining'inize kwenye kamba ya nguo usiku mmoja. Mkeo atasema, najua.

Kama swiveli ni nzima, ndoana ni kali, na inaogelea wima, basi angalia maji kabla ya kulaumu chambo. Besi aliletwa Naivasha kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, na kwa muda mrefu ziwa lilikuwa na maji ya kuona chini sehemu nyingi. Baadaye wakaja kamba wale wekundu wenye koleo, mwaka 1970, wakawa chakula kikubwa cha besi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 akaja kapu, samaki anayechimbua tope kama nguruwe kwenye shamba la viazi vitamu. Ongeza udongo unaoletwa na mto Malewa msimu wa mvua. Matokeo yake, karibu na mdomo wa mto na kwenye ghuba zenye kapu wengi, besi hawezi kuona kibamba chembamba kinachometameta kama jani la mkaratusi, hata ukiking'arisha vipi. Hapo unataka kibamba cha mviringo, kile kinachoitwa Colorado, kinachosukuma maji na kupiga kwa nguvu. Kile chembamba kiweke kwa maji safi na mvuto wa kasi. Na rangi ya sketi, achana na nyeupe na bluu ulizoziona kwenye video za Marekani, ambako besi anakula visamaki vya fedha. Tia kahawia yenye wekundu, mfanano wa kamba. Ningekuwa na uhakika kidogo zaidi wa maji unayovulia ningekwambia weka hii au ile, lakini anza na hapo.

Kung'arisha vibamba? Taratibu. Vingi vimepakwa nikeli nyembamba tu. Ukivisugua kwa majivu au waya wa sufuria utaiondoa nikeli, na chini yake shaba itaanza kuwa kijani. Sabuni ya vyombo na kitambaa laini. Kama kibamba ni shaba tupu, ndimu inafaa, suuza vizuri baadaye. Lakini sijawahi kuona besi aliyekataa kibamba kwa sababu kimefifia kidogo.

Umeniuliza muda gani, na nimezunguka kama kibamba. Jibu langu ni kwamba usihesabu miezi. Mimi huhesabu mikunjo. Kila ninapolazimika kuunyoosha waya kwa mkono kwa sababu haukurudi wenyewe, natia alama ndogo ya wino kwenye risasi, chini ya kidevu. Zikifika alama kumi hivi, chambo hicho sikipeleki tena penye samaki ninayemtaka. Kinabaki cha kufundishia vijana kurusha. Nina moja yenye miaka sita na alama tatu, kwa sababu nimeitumia maji wazi. Nyingine ilimaliza kumi kwa Jumamosi mbili kwenye visiki vya migunga. Zote mbili zilitoka pakiti moja, bei moja. Ukiniuliza ipi kati yao ni feki, sina la kukujibu.

Usijaribu kuuchomelea waya uliokatika. Najua fundi wa mtaani atakwambia inawezekana. Moto unaulainisha ule waya karibu na mshono, unapoteza uspringi wake, na utakatika sentimita moja pembeni. Pia usianze kumimina risasi mwenyewe jikoni ili utengeneze miili mipya. Mvuke na vumbi la risasi ni sumu, hasa kwa watoto, na tone moja la maji likiingia kwenye risasi iliyoyeyuka hulipuka usoni. Kama una hamu ya kujifunza, njoo uone inavyofanywa nje, penye upepo, kwa sufuria isiyorudi jikoni kamwe. Kwa sababu hiyo hiyo ya sumu, usikate uzi ukaacha chambo kining'inie kwenye mti kama unaweza kukifikia salama. Uingereza ilipiga marufuku vipande vingi vya risasi vya wavuvi mwaka 1987, baada ya mabata maji kufa kwa kuvimeza, nasi Naivasha tuna ndege wa kutosha wa kuwahurumia.

Nimesema kama unaweza kukifikia salama. Pale penye mafunjo na miti iliyokufa ndipo viboko wanapopumzika mchana. Chambo cha shilingi 900 hakistahili hata kufikiriwa. Nenda na nahodha anayeijua sehemu hiyo, mtu wa huko huko, na akisema turudi, kunja uzi. Pia kabla ya kwenda, pitia ofisi ya uvuvi au watu wa BMU, kile kikundi cha kusimamia ufuko, pale Naivasha, wakueleze habari za leseni na kama kuna kipindi ziwa limefungwa. Hilo usilisome kwenye mtandao, liulize uso kwa uso, kwa kuwa hubadilika.

Na ndoana ikiingia mwilini, nisikilize. Ikiwa ni kwenye jicho au karibu nalo, shingoni, au kwenye kiungo cha kidole, usiivute, usimruhusu rafiki yako mwenye plaizi aivute. Kata uzi, funika pasiguswe, nenda hospitali. Ikiwa ni kwenye nyama ya kawaida na chembe ya ndoana, ule mwiba wa pembeni ya ncha, imezama, bado nenda zahanati, na uulizie sindano ya pepopunda. Mimi nilijitoa ndoana kwenye kidole gumba mwenyewe, nikiwa na haraka na fahari. Kidole hicho hadi leo hakikunji vizuri asubuhi za baridi.

Hiyo ya nne ikikushinda, ilete. Ifunge kwenye kitambaa kikavu, usiitie kwenye sanduku la minyoo, na lete pia kipande cha uzi wako wa mwisho, kama nusu mita hivi, nikipitishe kwenye vidole. Kama kimekwaruzika, basi tutaangalia na kile kipete cha ncha ya fimbo yako, kwa maana kipete chenye ufa hukata uzi kimya kimya, na huenda nusu ya vyambo unavyodhani vilichukuliwa na visiki vilichukuliwa na fimbo.